Moshi mweusi mlimani si ishara ya nguvu

Huenda umewahi kuona lori la dizeli likipanda mlima kutoka Siongiroi, kule Bomet, limesheheni mitungi ya maziwa, moshi mweusi ukifuka nyuma, na dereva akijigamba kwamba injini ina nguvu. Anajidanganya. Moshi ule ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza.

Kazi ya kuleta hewa ni ya tabo, chombo ambacho mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alikipatia hataza mwaka wa 1905. Ni feni mbili katika mhimili mmoja. Moja huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine hushindilia hewa ndani ya silinda.

Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto, kama anavyojua kila mwanafunzi aliyeshika pampu ya baiskeli. Tabo ikiongeza shinikizo la ba 1, hewa ya nyuzi 25 yaweza kupita nyuzi 100. Hewa moto hutanuka, hivyo silinda hupata oksijeni kidogo kuliko geji inavyodai. Ndiyo maana kuna intakula, yaani rejeta ya hewa. Ikiteremsha joto kutoka nyuzi 110 hadi 50, injini hupata hewa zaidi kwa karibu asilimia 18, shinikizo likiwa lile lile.

Sasa fikiria nyanda za juu. Mombasa hewa ina shinikizo la ba 1 hivi. Kericho, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ni ba 0.8. Geji ikisoma ba 1, tabo ya Mombasa imezidisha shinikizo mara mbili, ya Kericho mara mbili na robo. Imechemsha hewa zaidi, na bado silinda imepata ba 1.8 badala ya 2.

Basi fundi akitaka kufungua skrubu ya pampu ili aongeze dizeli, muulize hewa itatoka wapi. Dizeli ikizidi, joto hupanda hadi pistoni ziyeyuke. Hapo karo ya watoto huishia gereji na maziwa yakachachia njiani.

Anza na yaliyo rahisi. Safisha chujio la hewa, osha matope kwenye intakula, kaza mipira inayovuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlimani, punguza gia mapema. Ukifika, iache injini ingurume polepole dakika mbili kabla ya kuizima, oili ipate kuipoza tabo.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.