Mnenguaji wa Kauri

Wiki hii tuwape likizo wanenguaji wetu wa bendi, tukamchungulie mwenzao aliyelitia jiji la Paris wazimu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jina lake Loïe Fuller, Mmarekani, mzaliwa wa 1862 karibu na Chicago.

Bibie hakuwa kimbaumbau wala mrembo wa kutisha. Silaha yake ilikuwa gauni la hariri, mita kwa mita, alilolirusha kwa fimbo alizoshika ndani ya kitambaa huku taa za rangi zikimmulika. Mara ua, mara kipepeo, mara moto! Mwishoni mwa 1892 alipopanda jukwaa la Folies Bergère, mji ukawa wake.

Lakini kasheshe alishakutana nayo. Miezi michache kabla, kule New York, alimburuza mahakamani dada mmoja aliyekuwa akimwigilizia. Akabwagwa! Mahakama ikasema ngoma isiyosimulia hadithi yoyote si mchezo wa kuigiza, hivyo sheria hailindi. Ikawa ruksa, kila mwenye kitambaa akazungusha.

Ndipo anapoingia mchongaji Agathon Léonard. Kwa ajili ya kiwanda cha Sèvres, jirani na Paris, alibuni sanamu 15 za wanawake wa kauri: wengine na mitandio, wengine na matari, wengine na mienge. Zilioneshwa kwenye Maonyesho ya Paris ya 1900, ambako Loïe alikuwa na ukumbi wake mwenyewe. Na kazi yake? Pambo la meza ya chakula, jamani!

Kauri hiyo huchomwa bila kupakwa ile ngozi ya kung'aa, na Wafaransa wanaiita biskuti (usiing'ate). Tanurini husinyaa, mkono ulionyooshwa ukikosa egemeo unapinda au unavunjika. Sasa mtu anafinyangaje upepo? Léonard kaweza, tazama tu ile mikunjo ya gauni. Ila nina ugomvi naye: kawafanya wote wembamba kama mianzi, tena weupe pe, wakati uhondo wa Loïe ulikuwa taa na rangi.

Loïe alifariki Paris mwaka 1928. Ile filamu ya kampuni ya Edison ya miaka ya 1890, yenye binti anayezungusha gauni, wengi huapa ni yeye. Thubutu! Yule ni Annabelle, mmoja wa walioiga.