Habari za Visiwa Zisisubiri Kimbunga

Tarehe 17 Oktoba 2009 baraza la mawaziri la Maldivi lilikutana chini ya bahari. Rais Mohamed Nasheed na mawaziri wake walivaa vifaa vya kuzamia, wakateremka, wakatia saini waraka wa kuzisihi nchi za dunia zipunguze hewa ukaa. Mwaka 2021 Simon Kofe, waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu, alirekodi hotuba yake kwa mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Glasgow akiwa na suti na tai, suruali ameikunja, amesimama ndani ya bahari. Picha zote mbili zilienea kila pembe. Mimi huwa zinanisikitisha kidogo. Waziri wa watu wapatao 11,000 alazimike kuingia majini ndipo wahariri wageuze shingo?

Na wakishageuka, kichwa cha habari huwa kile kile: visiwa vinazama. Mambo si mepesi hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha picha za angani za miaka mingi, ukakuta ardhi ya Tuvalu imeongezeka karibu asilimia 3 kati ya 1971 na 2014, kwani mawimbi yanayokula ufuo mmoja hurundika mchanga na vipande vya matumbawe kwingine. Wapo walioidaka habari hiyo wakasema, basi, hakuna shida. Shida ipo, ila iko kisimani. Katika kisiwa cha matumbawe maji ya mvua hujikusanya chini ya ardhi na kuelea juu ya maji ya bahari. Bahari ikipanda, bamvua likafurika, chumvi huingia. Watu wa Tuvalu hupanda jamii ya magimbi makubwa katika mashimo yanayochimbwa mpaka kuyafikia maji hayo baridi, na chumvi ikishafika humo mmea huoza. Kisiwa kinaweza kubaki kwenye ramani na kisikalike. Habari ya kisima haina picha ya kustaajabisha, na ndiyo maana inahitaji mwandishi mwenye subira.

Tena si lazima aende Pasifiki. Komoro ni jirani zetu na ndugu zetu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazidja, kesho yake kikaipiga Cabo Delgado, Msumbiji, wakati dunia ingali inahesabu maafa ya kimbunga Idai kule Beira. Nani aliyerudi mwaka uliofuata kuuliza migomba imeoteshwa upya au la, na matangi ya mvua yametengenezwa au la? Ngazidja haina mto wa kudumu, na tangi likipasuka, nyumba haina maji. Kisiwani Nzwani mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima imekauka, na sehemu kubwa ya sababu ni ukataji wa misitu. Hilo nalo lisemwe wazi. Mwandishi anayeitupia tabianchi kila lawama huwapa viongozi pa kujificha.

Kuna pia habari ndefu ambayo redio zetu zingeweza kuisimulia kwa wiki nzima. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, huko Vanuatu, walipendekeza suala la tabianchi lifikishwe mahakamani. Serikali ya Vanuatu ikalibeba. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakubali, na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ikatoa maoni yake: mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi ya dunia, na anayeuvunja anaweza kudaiwa fidia. Wanafunzi, jamani!

Basi, wahariri wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, tunawaomba. Msimu wa vimbunga katika upande wetu wa Bahari ya Hindi huwa Novemba hadi Aprili. Mtumeni mwandishi Septemba, akaulize tahadhari inamfikia nani, kwa lugha gani, na simu zikizimika nani ana redio ya betri. Mfuko wa hasara na uharibifu unaoletwa na tabianchi ulikubaliwa kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Ulizeni kila mwaka ni kiasi gani kimefika visiwani.

Nawe msikilizaji wa Pemba, Mafia au Lamu, usingoje kuulizwa. Redio jamii zipo, na simu unayo mkononi. Tuma ujumbe wa sauti useme kisima chenu kilianza kuwa na chumvi mwaka gani, bonde lipi la mpunga limeachwa, mikoko ya wapi imekatwa na nani aliikata. Taja mahali na mwezi, ili mwandishi apate pa kuanzia. Kipindi kikipita bila ujumbe wako kusomwa, piga tena wiki ijayo, na umwambie na jirani apige.