Mtoto Anaongea Kizungu cha Puani, Halafu Bibi Yake wa Muleba Anatafutiwa Mkalimani

Wiki hii kuna staa mmoja wa hapa Bongo, jina kapuni, alirusha klipu ya mwanae wa miaka minne akiagiza juisi kwa Kiingereza cha puani. Laiki zikamiminika kama mvua ya Bukoba. Na mimi nikalaiki, sitaki kujifanya mtakatifu. Kumbe kuna mdau mmoja aliandika kimya kimya: "Na bibi yake wanaongea naye lugha gani?" Weee! Alishambuliwa mpaka nikamwonea huruma. Mshamba, mwenye wivu, maskini jeuri, majina yote alipewa.

Mimi sikumshambulia, ila pia sikumtetea. Swali lile lilikuwa langu.

Desemba iliyopita nilimpeleka mtoto wa kaka yangu Muleba, kwa mama yangu. Binti ana miaka sita, amezaliwa na kukulia Dar. Kwao sheria ni moja: Kiingereza tu, kuanzia chai ya asubuhi mpaka kulala. Kiswahili anakisikia lakini kukiongea anababaika. Kihaya ndio kabisa, sifuri. Tumeshuka kwenye gari, mama yangu amesimama mlangoni, kanga mpya, mikono imefunguliwa. Akamsalimia mjukuu wake kwa Kihaya. Mtoto akanitazama. Bibi akajaribu Kiswahili chake cha kuungaunga. Mtoto akajibu kwa Kiingereza, kwa adabu zote, tena akitabasamu.

Mama akacheka. Usiku tumekaa jikoni, moshi wa kuni, ndizi zinachemka, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, huyu nikimwita ataitika kwa lugha gani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina jibu zuri.

Sasa najua mtasema. "Ninyi nshomile ndio mlioanza, leo mnalalamika nini?" Ni kweli, utani wa Wahaya na Kizungu tumeuzoea nchi nzima, na sisi wenyewe tunaucheka. Na ni kweli lugha za watu hatujaanza leo. Wamisionari walifika Kashozi mwaka 1892. Laurean Rugambwa alisoma seminari ya Rubya, hapo hapo Muleba, akaenda Katigondo kule Uganda, baadaye akasoma Roma, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Mtu wa namna hiyo alipita kwenye Kilatini na lugha nyingine za watu, lakini alizijenga juu ya Kihaya cha nyumbani. Alijenga ghorofa juu ya msingi. Sisi tunabomoa msingi kwanza, halafu tunashangaa nyufa.

Tusielewane vibaya. Mimi nataka watoto wetu wajue Kiingereza, tena mapema, tena vizuri. Hofu ya wazazi naielewa kabisa. Shule ya msingi ya serikali unafundishwa kwa Kiswahili miaka yote, halafu unaingia fomu wani unakuta fizikia na jiografia vimegeuka Kiingereza. Nimekaa darasa moja Bukoba na watoto wenye akili kuliko mimi walionyamaza miaka minne kwa sababu walijua jibu lakini hawakujua kulisema. Mzazi anayeuza kahawa yake yote alipe ada ili mwanae asinyamazishwe hivyo, simcheki hata kidogo.

Ninachopinga ni njia.

Nyumbani kwa kaka kuna dada wa kazi, ametoka huko huko Muleba. Anaongea Kihaya kitamu na Kiswahili safi. Ameambiwa asiongee sana na mtoto "asije akamharibia Kizungu chake". Kwa hiyo mtoto anashinda na mtu mzima anayempenda, lakini mtu huyo amezibwa mdomo. Anayeongea ni runinga.

Hapo ndipo tunapopigwa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walitoa utafiti wa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja lilikaa na watu wanaoongea Kichina, wakiwasomea na kucheza nao, mara 12, kila mara dakika 25. Kundi jingine likaoneshwa watu hao hao kwenye video. Waliokaa na binadamu walishika kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa video? Patupu. Mtoto mchanga hashiki lugha kwa kuitazama. Anaishika kwa mtu anayemwangalia machoni, anayesubiri ajibu, anayecheka akikosea.

Kwa hiyo ukimwekea mwanao katuni za Kizungu siku nzima na kumnyamazisha dada, hujampa lugha mbili. Umemnyang'anya moja, na hiyo nyingine unampa nusu nusu.

Na wanaosema lugha nyingi zinamchanganya mtoto, waende Mutukula, pale mpakani na Uganda. Utakuta mtoto wa mama muuza matunda anamjibu mama yake Kihaya, anamwita dereva wa lori kwa Kiswahili, anabishana bei na Mganda kwa Kiganda, na akiona mgeni anamtupia Kiingereza cha kutosha kuuza ndizi. Ada ya lugha hajalipa hata shilingi. Kila lugha ina mtu wake na kazi yake. Atachanganya maneno hapa na pale, ndiyo, lakini hajachanganyikiwa. Mbona na sisi wakubwa tunachanganya kwenye magrupu kila siku na hatujapelekwa hospitali?

Halafu kuna hili la kibao. Shule moja, siitaji, mtoto wa rafiki yangu alivalishwa kibao shingoni kwa sababu aliongea Kiswahili wakati wa mapumziko. Alikuwa anamwambia mwenzake kwamba tumbo linamuuma. Kibao kinahamia kwa atakayenaswa baada yako, kwa hiyo watoto wanageuka wapelelezi wa wenzao. Yule mtoto hakuongeza Kiingereza. Alipunguza kuongea. Mtoto anayeogopa kukosea hawezi kujua lugha, kwa sababu lugha inajifunzwa kwa kukosea.

Turudi Muleba. Wiki ya kwanza binti yetu alikuwa anakaa na simu. Wiki ya pili binamu zake wakamvuta nje kuokota na kunyonyoa senene. Huwezi kunyonyoa senene kimya kimya, kuna kelele zake. Akaanza kuokota neno moja moja. Jioni wakawa wanacheza shule, yeye mwalimu, binamu zake wa shule ya kijiji wanafunzi. Nikawasikia wanahesabu kwa Kiingereza, wanaulizana majina kwa Kiingereza, wanacheka. Akikosea neno la Kihaya walimcheka, wakikosea la Kiingereza aliwacheka. Ngoma droo. Katika wiki tatu sikusikia mtoto yeyote akilalamika kwamba kichwa kimejaa.

Siku ya kuondoka alimuaga bibi yake kwa Kihaya. Maneno manne tu, tena moja alilivunja. Mama yangu alimshika uso kwa mikono miwili na hakusema kitu.

Sasa ushauri wangu wa bure, wa shangazi asiyekuwa mtaalamu.

Ongea na mwanao lugha unayoiweza vizuri. Kama Kiingereza chako ni cha kusukuma, usimrithishe huo mzigo. Mpe Kiswahili au Kihaya kilichonyooka, chenye hadithi, utani na mafumbo, halafu Kiingereza kitafutie mtu anayekijua: mwalimu mzuri, jirani, binamu mkubwa. Msomee kitabu, hata dakika 20 kabla ya kulala, umuulize maswali. Katuni tazama naye, siyo imtazame yeye. Mruhusu dada wa kazi aongee! Na shule ikimvalisha mwanao kibao, nenda ukaulize, ada ni yako.

Na bibi mpigieni simu. Kila Jumapili, dakika tano, kwa lugha yake. Salamu za Kihaya zinabadilika kulingana na umri na heshima ya unayemsalimia, kwa hiyo mtoto akijifunza salamu tu tayari amejifunza adabu.

Kiingereza mwanao atakipata. Kipo shuleni, kipo kwenye simu, kipo kazini, kinamsubiri kila kona, na hata akichelewa kidogo atakikuta. Mama yangu ana miaka themanini na kitu. Yeye hapatikani kila kona, na hawezi kusubiri mpaka mjukuu amalize chuo ndipo aanze kumsimulia babu yake alikuwa nani.

Kaka, najua unasoma hapa. Sikusemi vibaya, mwanao ni mwerevu na Kiingereza chake kinanifurahisha. Ila Jumapili hii mpigie mama, halafu mpe mtoto simu, na wewe utoke chumbani usitafsiri.

Wadau, nyumbani kwenu mnaongea lugha gani na watoto? Na bibi zao je? Dondosheni maoni hapo chini, matusi acheni nyumbani.