Bahari Kuu Nayo Ina Wenyewe

Ukitoka pwani ukafika maili 200 baharini, hapo huishia haki ya nchi juu ya samaki wake. Kinachofuata ni bahari kuu, karibu theluthi mbili ya eneo lote la bahari duniani, na kwa miaka mingi aliyefaidi huko ni mwenye meli kubwa.

Tunaona ni haki kuwataja waliolikazania jambo hili bila kuwa na kura. Serikali zilianza kulizungumza Umoja wa Mataifa mwaka 2004, kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2011 jumuiya zisizo za kiserikali ziliungana katika High Seas Alliance. Wakakaa vikaoni, wakasoma rasimu, wakawaeleza wajumbe, kisha wakazibana serikali zao. Mkataba ukapitishwa Juni 2023. Zilihitajika nchi 60 kuuridhia. Zikatimia Septemba 2025, na ukaanza kutumika tarehe 17 Januari 2026.

Wapo wasemao hayo ni mambo ya wakubwa wa New York. Hatukubaliani nao. Jodari hajui mpaka; akimalizwa huko nje, sokoni kwetu hafiki. Mkataba unaruhusu kutenga hifadhi katika bahari kuu, lakini lazima nchi ipeleke pendekezo, na nchi isipoulizwa haipeleki. Kamati zetu za wavuvi ni hodari wa kuuliza habari za leseni na bei ya mafuta (na wana haki). Waulize na hili. Barua tutawaandikia sisi tunaosoma.