ELIMU YA BAHARI: Tumbawe Nalo Hula



Watu wengi hudhani kuwa tumbawe ni jiwe. Sivyo. Tumbawe ni mnyama. Kama ni mnyama, basi hula. Je, hula nini?

Mwezi huu tutazame tumbawe moja la pwani yetu. Ni la mviringo kama sahani. Juu yake lina mistari myembamba, kama ile iliyo chini ya uyoga. Likikomaa halishikamani na mwamba. Hulala tu juu ya mchanga. Katikati lina mdomo mmoja.

Tumbawe hili lina njia mbili za kupata chakula.

Njia ya kwanza ni kukamata. Usiku hutoa minyiri midogo yenye sumu. Minyiri hiyo hunasa wadudu wadogo wanaoelea majini na kuwapeleka mdomoni. Mwaka 2009, huko Bahari ya Shamu, wapiga mbizi waliona matumbawe ya jamii hii yakila hata konyeza.

Njia ya pili ndiyo kubwa. Ndani ya mwili wake huishi mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, kama mahindi yafanyavyo shambani. Sehemu kubwa ya sukari hiyo huliwa na tumbawe. Tumbawe nalo huipa mimea makao, na taka zake huwa mbolea.

Sasa fikiri. Tukilima hadi ukingoni mwa mto, au tukikata mikoko, mvua hupeleka udongo baharini. Maji huwa tope. Jua halifiki chini. Tumbawe hushinda njaa.

Maji yakizidi joto, mimea ile hutoka na tumbawe hubaki jeupe. Mwaka 1998 jambo hili lilitokea katika Bahari ya Hindi. Matumbawe mengi ya Mafia yalikufa.

Ndugu wavuvi, matumbawe ni nyumba ya samaki. Yakifa, mwamba hubomoka, samaki huhama, na mtumbwi hurudi mtupu.

Basi tuilinde mikoko na tupande pale ilipokatwa. Tuache kulima kingo za mito. Nawe ukiliona tumbawe hili, usiliokote wala usilikanyage.

Maswali ya kujadiliana:
1. Tumbawe hupata chakula kwa njia gani mbili?
2. Mto wa kijijini kwenu hupeleka nini baharini wakati wa masika?