Hanania Alisema Miaka Miwili



Yeremia 29:11 tunaipenda sana. Tumeibandika ukutani, tumeiandika hata kwenye matatu. Lakini mstari wa 10 tunauruka: Mungu aliwaambia mateka kwamba miaka 70 ya Babeli lazima itimie kwanza.

Hanania alikuwa ametabiri miaka 2 tu (Yeremia 28). Unabii mtamu, lakini Mungu hakuwa amemtuma.

Mimi naamini unabii. Ila unabii wa kweli si lazima ufupishe safari. Unakupa nguvu za kuitembea. Yeremia aliwaandikia barua wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, na wauombee amani mji ule ule uliowateka. Yaani hata Babeli Mungu yuko, na maombi yao yanamfikia.

Mpendwa unayesubiri kazi, uponyaji au mtoto, usimtumie mtu pesa kwa simu eti akupunguzie miaka. Mungu hajakusahau. Kesho amka, omba, panda bustani yako. Faraja yake haingoji siku ya kutoka; iko nawe hapo ulipo.

Kama umepokea, sema Amina. Barikiwa.