Bibi Harusi, Tazama Kalenda ya Skuli Kwanza



Leo tunasema jambo ambalo wengine litawachoma, maana linagusa harusi, na harusi kwetu ni tamu. Sisi mafundi wa nguo za harusi tunajua mapema nani anaolewa lini. Shaaban ikiingia, watoto wa kike wanaletwa kupimwa magauni Jumanne saa nne asubuhi, sare ya skuli mwilini. Wiki hiyo darasani ndio basi: leo singo, kesho hina, keshokutwa boti ya Pemba kwa upande wa bwana harusi.

Tukiuliza, jibu ni moja: "Harusi haijirudii, masomo yapo."

Hayapo, jamani. Mwalimu akimaliza hesabu za sehemu anaingia desimali, hamngoji aliyekwenda harusini. Na kwenye skuli zenye mikondo miwili, wengine wanasoma asubuhi, wengine mchana. Saa zenyewe za kusoma ni chache, za kutupa zitoke wapi?

Kisha angalieni anayebakishwa ni nani. Kaka yake anaambiwa nenda skuli, usituzonge hapa. Yeye anabaki kubeba masinia na kulea watoto wa wageni. Binti huyo huyo akifeli, tunasikia hana kichwa cha kusoma.

Hatukatai harusi, ndizo zinazotulisha. Wala hatukatai kuunga udugu, hiyo ni ibada. Lakini dini haikutuwekea wiki nzima. Nikaha inataka walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli. Nusu saa haifiki. Walima ni suna. Tarehe, sare na siku za singo ni mipango ya watu, na kilichopangwa na watu hupanguliwa na watu. Kusoma ndiyo amri ya kwanza kumshukia Mtume wetu (SAW). Basi vipi tumtoe mtoto kwenye amri kwa ajili ya gauni?

Mtasema, Shaaban hatukuiweka sisi. Kweli. Ramadhani hatufanyi harusi, kwa hiyo zote zinasongamana kabla yake, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, mwaka 2026 Februari, kwa hiyo msimu wa harusi umeangukia muhula wa kwanza. Lakini hata Shaaban ina Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Bibi harusi, una kauli. Wazee wakikaa kupanga tarehe, mwambie mama au somo wako aulizie skuli zinafunga lini. Ikishindikana, nikaha iwe Ijumaa baada ya Alasiri, walima Jumamosi, Jumapili watoto wako kwao. Harusi ikiwa ng'ambo ya bahari, shangazi mmoja abaki na wanaosoma. Vipimo leteni jioni, au tuleteeni gauni linalomkaa vizuri, tutapimia hilo.

Na anayekuombea mtoto wiki nzima ili picha zipendeze, mjibu kwa adabu: picha zitapigwa Jumamosi.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu kheri na baraka, na mabinti zetu elimu yenye manufaa. Amin.